Vikombe Vinane vya Mtani Wangu

Nimeibiwa Kariakoo mara nyingi, na sioni aibu kusema, maana anayejisifu kwamba hajawahi kuibiwa pale huyo hajafika. Nimepimiwa kwa kibaba chenye kitako kilichoinuliwa kwa kipande cha ubao. Nimeuziwa gunia lililokuwa choroko juu na choroko chini, katikati maganda. Lakini mara zote hizo nilipunjwa kwa kupunguziwa, kama binadamu wengine. Mara moja tu niliibiwa kwa kuzidishiwa, na kilichotumika kuniibia kilikuwa maji ya kunywa.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, ambapo mtu akiona watu watano wamepangana alisimama nyuma yao kwanza, ndipo akauliza wanangoja nini. Mimi nilikuwa na meza kwenye mtaa mmoja wa pembeni, nje ya soko kubwa. Tulikuwa na meza ishirini na mbili kwa safu, na yangu ilikuwa ya saba. Nilipima karanga, choroko na kunde kwa kikopo changu ambacho kila mteja alikichungulia ndani kabla ya kununua, nami nikamwacha achungulie. Kikopo changu kilikuwa halali. Faida niliitafuta kwenye mdomo.

Meza ya sita, kushoto kwangu, alikaa mtani wangu. Kabila lake na langu ni watani tangu vita ambavyo sasa hakuna anayekumbuka nani alishinda, kwa hiyo kila upande unasema ni wenyewe. Aliuza ndimu, ukwaju na pilipili. Tulikaa bega kwa bega miaka kumi na moja, tukitukanana kuanzia asubuhi mpaka kufunga, bila kugombana hata siku moja. Nikichelewa alitangaza kwa safu nzima kwamba watu wa kwetu huamshwa na nzi. Nami nikimkuta amevaa kanga mpya namwuliza maiti gani kavuliwa. Mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Na mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, unacheka, unakiacha kiende.

Sasa lazima nieleze kuhusu meza, maana siku zile meza haikuwa mbao na miguu minne tu. Aliyekuwa na meza alikuwa na karatasi iliyogongwa muhuri, kwamba fulani ana shughuli mjini. Asiyekuwa na karatasi alihesabiwa mzururaji. Lori lilipita, likamzoa, likampeleka kijijini akalime. Nimeona watu waliopanda lori asubuhi wakiwa mafundi viatu na kushuka jioni wakiwa wakulima wa pamba. Karatasi yangu niliifunga kwenye upindo wa kanga, na kila nikijifunga niliipapasa mara mbili.

Meza zilikuwa chache na wanaozingoja walikuwa wengi, kwa hiyo safu yetu ilijiwekea utaratibu. Kulikuwa na mzee wa safu, mtu mrefu mwenye daftari na kipande cha chaki nyekundu, ambaye alipita saa yoyote anayoipenda yeye, akiita meza moja moja. Meza ya saba! Unaitika "Nipo" na mkono wako uko juu ya mbao. Mkono usipokuwepo, anachora mstari mmoja kwenye mguu wa meza. Mistari mitatu ndani ya mwezi mmoja, meza inakwenda kwa aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Hili lilikuwa la kuwakomesha wale waliochukua meza halafu wakazikodisha.

Lakini binadamu ana haja zake, na mzee alilijua hilo. Kwa hiyo jirani aliruhusiwa kuitika kwa niaba. Ukiwa umekwenda chooni, jirani anaweka mkono wake juu ya meza yako na kusema, "Yupo." Mzee haulizi zaidi, anasonga mbele. Hilo tuliliita kuitikiana. Katika miaka kumi na moja mimi nilimwitikia mtani wangu mara ambazo sikuzihesabu. Mimi, ambaye nahesabu hata njiti za kiberiti kipya.

Yeye hakuwa na kazi kubwa ya kuniitikia, kwa sababu mimi sikuwa nikiondoka. Na sikuwa nikiondoka kwa sababu sikuwa nikinywa maji. Wanawake wengi wa safu ndivyo tulivyokuwa. Choo cha umma kilikuwa mbali: hatua mia mbili na arobaini kwenda, na foleni mlangoni kama ya sukari. Ukienda, mteja wako anapimiwa na mwingine. Kwa hiyo tulikunywa chai alfajiri, tukafunga midomo mpaka alasiri. Ramadhani ilipofika watu walinihurumia kwa kufunga juani. Niliwaambia mimi kwa upande wa maji nafunga miezi kumi na miwili, Ramadhani naongeza chakula tu.

Mwili nao una daftari lake. Mwaka wa kumi na moja nilianza kuumwa ubavuni, upande wa kulia, maumivu ya kuja na kuondoka kama mdai. Siku moja yalikuja yasiondoke. Niliinama juu ya choroko zangu, jasho likanitoka, nikashindwa hata kumjibu mteja aliyekuwa akinipunguzia bei, naye akadhani nimekubali. Mtani wangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka zahanati. Hilo siwezi kumnyima.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Alinipima, akaniuliza mkojo wangu una rangi gani. Nikamwambia kama chai ya rangi. Akaandika.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Nakunywa chai asubuhi."

"Nimeuliza maji."

"Kwani chai inapikwa kwa nini, nesi?"

Alinitazama juu ya miwani. Akasema nina vijiwe kwenye figo, kwamba mkojo unaokaa humo bila kupata maji unaganda kama chumvi kwenye sufuria. Dawa aliyonipa ni ya maumivu tu. Tiba yenyewe ni maji. "Gilasi nane kwa siku. Yachemshwe."

"Nane! Tufanye nne, nesi."

"Mama, hapa si Kariakoo."

"Tano basi, niondoke na moyo mweupe."

"Nane. Na wewe unayekaa juani ningekuambia tisa, nimeona sura yako nikakuonea huruma."

Ndiyo bei pekee maishani niliyokubali kama ilivyotajwa. Akanipa kidonge na maji kwenye gilasi, na mimi, kwa mazoea, kabla ya kunywa niliizungusha ile gilasi nikaipima kwa macho. Ilikuwa sawasawa na kikopo changu cha karanga. Nikaliweka hilo kichwani. Akaendelea kunieleza: nisinywe kwa mkupuo, nigawanye kutwa nzima. Niangalie rangi, iwe kama chai iliyopikwa kwa majani yaliyokwisha kupikiwa mara mbili, rangi ambayo miaka ile kila nyumba iliijua. Na akasema, nikijiona naenda haja kila mara na mkojo ni mweupe kama wa bombani, nimezidisha, nipunguze. Hilo la mwisho nililisikia, lakini sikulihesabu. Nani alikuwa na hofu ya kuzidishiwa?

Njiani kurudi nilimwambia mtani wangu kwamba basi, nimekwisha. Nikinywa nitapona, meza itaondoka. Nisiponywa meza itabaki, mimi nitaondoka.

"Mtani, na akili zako zote za kupunja watu hujui hesabu ndogo hiyo?" alisema. "Wewe kunywa. Mimi nipo. Mzee akipita nitaweka mkono."

"Utakumbuka?"

"Nikisahau si utanikumbusha? Watu wa kwenu mkitoka chooni huwa tunajua kabla hamjafika."

Kesho yake nilikuta mtungi mdogo wa maji yaliyochemshwa umewekwa kati ya meza zetu mbili, kivulini, umefunikwa kisahani. Alikuwa ameyachemsha kwake, kwa makaa yake, na makaa hayakuwa rahisi. Juu ya kisahani pameinamishwa kikombe kipya cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kifupi na kipana. Alisema mdogo wake ndiye aliyekuja nacho kutoka kwao. Ndiyo kwanza nikasikia kwamba ana mdogo wake wa kike aliyefika mjini, anakaa naye chumbani.

"Vikombe vinane, mtani. Mimi ndiye nitakayekuhesabia, wewe ukihesabu utajipunja mwenyewe."

Safu nzima ilicheka. Nami nilicheka. Akanichotea cha kwanza mpaka ukingoni, nikanywa, na sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Nikawa nakunywa. Saa mbili kikombe, saa tatu kikombe, mpaka alasiri navimaliza vyote vinane, na kila nilipositasita ananisukumia. "Kunywa, mtani, usinipotezee makaa yangu." Tumbo lilikuwa linacheza kama dumu lililobebwa kichwani. Maumivu yalipungua ndani ya wiki. Lakini chooni nilikuwa naenda kila mara. Nilikwenda mara tisa siku ya kwanza, kumi na moja siku ya pili, na mlinda choo akaniuliza kama nahamia. Nilidhani ndivyo afya ilivyo. Nilijiambia miaka kumi na moja ya deni la maji lazima ilipwe.

Wiki ya pili nilirudi kutoka chooni nikakuta mstari mwekundu kwenye mguu wa meza yangu.

"Mtani, hii nini?"

"Weee! Mzee amepita?" Akajishika kichwa. "Nilikuwa namhesabia mteja ndimu. Nainua macho, keshafika meza ya kumi. Nimemkimbilia, akasema akishachora hafuti."

Nilimwambia si neno. Lakini niliziangalia ndimu zake. Zilikuwa zimepangwa mafungu, tano tano, kama anavyozipanga kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Ndimu za mafungu hazihesabiwi mbele ya mteja, zimeshahesabiwa. Niliyaona hayo nikayameza, pamoja na kikombe cha sita alichokuwa amenichotea wakati akisema pole.

Mstari wa pili ulikuja siku nne baadaye. Safari hii mzee alikuwa amepitia upande wa nyuma, na mtani wangu alikuwa ameinama anafunga ukwaju. Sasa niliogopa. Mwezi ulikuwa umebaki siku tisa. Nikasema naacha maji mpaka mwezi uandame, nesi atanisamehe. Siku mbili nilikaa na mdomo mkavu, mkono mezani kama nimegundishwa, na siku ya tatu asubuhi ubavu ukanikumbusha nani mwenye daftari. Niliinama tena.

Mtani wangu aliinuka, akanishika mabega. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Utakufa na meza yako, mtani. Kwani meza itazikwa nawe? Kunywa. Naapa kwa mama yangu, sitainua macho kwenye meza hii hata kwa mteja wa kununua meza nzima."

Miaka kumi na moja. Nilikunywa. Vikombe vitatu kabla ya saa nne.

Choo siku hiyo kilikuwa na foleni mpaka barabarani. Nilipotoka nilikwenda mwendo wa kukimbia bila kukimbia, na nilipokata kona nilimwona mzee wa safu. Kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vyote. Alikuwa mbele ya meza ya sita. Mtani wangu ameweka mkono wake mezani kwake, anaitika. Halafu mzee akasogea hatua moja, akasimama mbele ya meza yangu, na nikaona mdomo wake unafunguka.

Nilipiga kelele, "Nipo!" Lakini mkokoteni wa magunia ulikuwa unapita, na wachukuzi nao wana kelele zao. Mzee hakusikia. Mtani wangu alisikia. Aligeuka, akanitazama. Tulitazamana machoni, yeye kule na mimi hapa, muda wa kutosha kusema neno moja lenye herufi nne. Kisha akashusha macho, akachukua ndimu moja kutoka fungu moja, akaihamishia fungu jingine.

Mzee aliuliza tena. Niliona mdomo wake. Kisha akainama na chaki.

Nilifika ananyooka. "Baba, shikamoo, nimefika."

"Marahaba. Mkono haukuwa mezani."

"Hatua kumi, baba. Kumi tu."

"Hata ingekuwa moja."

"Baba, hebu tuseme—"

"Binti, hili si la kusema. Jirani yako hakuitika. Nimemwuliza mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Basi nilikuwa nimekutana na mtu anayehesabu kama mimi. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye orodha ya wanaongoja, akasoma jina la kwanza, lililoandikwa humo zamani hata wino umefifia. Sikuwahi kulisikia. Lakini niliona mtani wangu anavuta kanga yake kichwani, na mara kutoka nyuma ya mtungi akainuka binti mwembamba aliyekuwa amekaa pale kwenye kigoda tangu asubuhi, ambaye mimi nilidhani amekuja kumletea dada yake uji. Alifanana naye mpaka pua.

Nilianza kukusanya mali. Karanga zilikuwa ndani ya ungo, hizo zilikuwa rahisi, lakini choroko zilikuwa zimemwagika mezani, na kikopo changu kilikuwa kimefukiwa chini ya mfuko. Nikanyoosha mkono, nikachukua kilichokuwa karibu: kile kikombe cheupe. Nikachota choroko, nikazimimina kwenye mfuko. Nikachota tena, na safari hii kikopo kilikuwa kimeonekana, nikamimina humo ili nihesabu ninaondoka na ngapi.

Kikopo kikajaa. Kikombe bado kilikuwa na nusu yake.

Nikakimwaga kikopo, nikamimina tena kilichobaki. Kikajaa mara ya pili, na chini ya kikombe zikabaki choroko za kufunika kitako. Nikarudia tangu mwanzo, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kikombe kimoja kilikuwa gilasi mbili na ushei.

Nilikaa chini. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kwamba chombo kirefu chembamba kinajisifu, na kifupi kipana kinaficha. Mimi nimewafundisha watu hilo. Na nilikuwa nimekunywa kutoka kwenye kile kikombe wiki tatu, vinane kwa siku, nikidhani ni gilasi nane. Zilikuwa kumi na sita na zaidi. Nusu ya safari zangu za chooni hazikuwa za nesi, zilikuwa za mtani. Nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe, kila alipokunywa, alijichotea nusu.

"Ulijua," nilimwambia.

Alikuwa amesimama anamwonyesha mdogo wake jinsi ya kuweka mkono mezani.

"Lori lilipita mtaani kwetu mara mbili mwezi huu," alisema. "Mara ya pili nilimficha chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Unajua kulala chini ya kitanda cha mtu, mtani?"

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungempa meza?"

Nilifikiri. Ningesema hapana, kisha tungevutana, na mwisho tungegawana meza kwa zamu, asubuhi mimi, alasiri yeye. Ningeshuka mpaka hapo, najijua. Lakini hakunitajia hata bei ya kwanza.

"Uliapa kwa mama yako," nilisema.

"Mama yangu ndiye mama yake." Halafu akajaribu kucheka, na sauti ikamrudia ile ya kila siku, ya kusikika na safu nzima. "Kwani mtani, nimekupa sumu? Nimekupa maji! Nani aliwahi kushtakiwa kwa kumpa mwenziwe maji?"

Wa meza za karibu wakacheka. Walidhani ni utani, na mimi ningekasirika ningekuwa nimeshindwa. Hapo ndipo alipokuwa amenifungia. Nesi asingemlaumu. Mzee asingemlaumu. Na ubavu wangu, Mungu shahidi, ulikuwa umepona.

Nikainuka na kikapu changu. Nikakichukua kile kikombe cheupe, nikakiinua juu watu wote wakione.

"Mtani," nilisema kwa sauti, "nachukua."

Safu ikapiga makofi. Mtani akichukua kitu chako mbele ya watu, unacheka, unakiacha kiende. Ilibidi acheke. Alichelewa kidogo, lakini alicheka, na nilimngoja mpaka amalize.

Tangu siku hiyo nilitembeza karanga kwa kikapu, Mnazi Mmoja asubuhi, mchana kwenye ngazi za maghorofa ya Mchafukoge, sikio moja kwa mteja na moja kwa lori. Mara mbili nilikimbia nikaacha mali. Choo hakikunisumbua tena, kila ghorofa ina mama mmoja mwenye huruma. Maji nilikunywa, na vijiwe havikurudi.

Kikombe ninacho hadi leo, bati limebanduka ukingoni. Vikombe vinne vya kile ni gilasi nane za nesi, na ningeweza kunywa hivyo tu, hesabu ni nyepesi. Siwezi. Nachota, namimina kwenye kikopo cha karanga, nakunywa, nahesabu moja. Namimina tena, nakunywa, mbili. Kinachobaki chini ya kikombe, kile cha kuzidi, namwaga.